Nani Atamwachia Lango Kijana wa Ngara?

Tarehe 8 Septemba 2019 Taifa Stars waliwatoa Burundi kwa penalti 3-0 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, baada ya sare ya 1-1 kule Bujumbura na sare nyingine ya 1-1 hapa nyumbani. Ilikuwa hatua ya awali ya kuwania tiketi ya Kombe la Dunia la 2022, na kwa mtu wa Tanga au Mbeya pengine ilikuwa mechi kama mechi nyingine. Kwa watu wa Ngara, wilaya inayopakana na Burundi, haikuwa hivyo. Ukitoka Kabanga unavuka mpaka na kuingia Kobero. Mhangaza na Mrundi wanasemezana bila mkalimani, watu wanaoleana pande zote mbili, na zipo nyumba ambako baba alikuwa akiwaombea Stars huku mama akiwawaza kaka zake walioko Muyinga. Hata benchi la Tanzania siku ile liliongozwa na Mrundi, kocha Etienne Ndayiragije.

Langoni alisimama Juma Kaseja, mwenye umri wa miaka 34. Burundi hawakupata hata penalti moja.

Nimeifikiria sana mechi ile tangu wakati huo, na kinachonirudisha kwayo si ushindi peke yake. Kaseja, mzaliwa wa Ujiji, alijulikana Afrika nzima akiwa kijana wa miaka 18, mwaka 2003, Simba walipowavua Zamalek ubingwa wa Afrika palepale Cairo kwa mikwaju ya penalti. Miaka 16 baadaye, nchi yenye watu zaidi ya milioni 50 ilikuwa bado inamwita yeye yule aje kuiokoa kwa penalti. Simlaumu kocha. Alichagua sawasawa na matokeo yakampa haki. Swali langu linawahusu wengine: katika miaka hiyo 16, vijana wengine wa miaka 18 walikuwa wapi?

Wapo watakaojibu kwa kutaja majina. Ivo Mapunda alikuwepo, Deogratius Munishi 'Dida' alikuwepo, Ali Mustapha 'Barthez' alikuwepo, na Aishi Manula, kijana wa Morogoro aliyelelewa na Azam pale Chamazi, aliishika namba moja kwa miaka mingi na kuitendea haki. Ni kweli. Lakini ukiwaondoa hao wachache unakuta pengo kubwa, na pengo hilo halikusababishwa na upungufu wa vipaji. Kipa hukomazwa na mechi, na sisi tuna mazoea ya kuwanyima makipa wetu vijana mechi, kuanzia uwanja wa shule hadi klabu kubwa za Kariakoo, Simba na Yanga.

Nafasi ya kipa ni kama usukani wa basi. Kila basi lina usukani mmoja. Utingo anaweza kusafiri kutoka Nyakanazi hadi Dar es Salaam mwaka mzima, akaijua kila kona ya barabara, na bado asiwe dereva mpaka siku dereva ashuke na yeye apewe ufunguo. Winga kijana anaweza kuingizwa dakika ya 70 akaonyesha alichonacho. Beki wa kushoto anaweza kujaribiwa kulia. Kipa hana dakika ya 70. Hucheza tu aliye mbele yake akiumia, akiuzwa, akifungiwa au akistaafu. Kwa hiyo kila tunaposema kipa fulani kijana 'ameibuka', nyuma yake yupo kipa mwingine aliyeanguka, na mahali fulani yupo mtu aliyehakikisha kwamba huyu kijana hakuwa mgeni wa mechi siku mlango ulipofunguka. Jambo la kwanza ni bahati. La pili ni kazi, na ndilo linalonisumbua ninapotazama wilaya hizi mbili za kusini mwa Kagera, Ngara na Biharamulo.

Tuanze na uwanja wenyewe. Goli la mpira lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Vipimo hivyo ndivyo vinavyotawala maisha ya kipa: asimame wapi mpira ukitokea kulia, atoke hatua ngapi kupunguza pembe, aruke akiwa na uhakika kwamba mwamba uko pale anapodhani uko. Sasa nenda kwenye viwanja vingi vya shule za msingi, iwe Rulenge au Nyakahura, Kasulo au Lusahunga. Utakuta milingoti ya mikaratusi iliyokatwa kwa makadirio. Hapa goli ni jembamba, pale ni pana, kwingine mwamba wa juu ulishaanguka na mpira unaopita juu unaamuliwa kwa mabishano. Nyavu hakuna. Mtoto akidaka kwa miaka mitano katika goli la namna hiyo, macho yake na miguu yake vinajifunza vipimo visivyopatikana popote pengine. Siku akichukuliwa na timu ya wilaya akawekwa kwenye goli la kweli, wanamwona anasimama vibaya, nao wanasema hana akili ya mpira.

Kisha ardhi. Ngara ni nchi ya vilima, na viwanja vingi vimechimbwa kwenye miteremko. Mvua ikikatika, udongo ule unakuwa mgumu kama barabara ya changarawe. Kipa anatakiwa kuanguka mara nyingi kila siku ya mazoezi, na kuanguka ni ufundi: mtu hutua kwa ubavu wa paja, kisha mbavu, kisha bega, mpira ukiwa mbele ya mwili. Mtoto anayejifunzia kwenye changarawe hafundishiki hivyo kwa sababu mwili wake una busara. Unakataa kuumia. Anajifunza kuanguka kwa magoti, au kutoanguka kabisa na kunyoosha mguu pale ambapo angepaswa kunyoosha mkono. Makocha wa juu wakimwona akiwa na miaka 17 wanasema ni mwoga. Si mwoga. Alifundishwa na ardhi, na kumfundisha upya katika umri huo ni kazi ya miaka.

Na kabla ya hayo yote kuna jinsi alivyofika golini. Sote tunajua utaratibu wa mpira wa mchangani. Wenye mpira wanachagua, wanaojua kufunga wanagombaniwa, na anayebaki mwisho, mara nyingi mdogo kuliko wote au mzito kuliko wote, anaambiwa aende golini. Likiingia bao, kosa ni lake. Wasichana nao hupangwa vivyo hivyo, ingawa Twiga Stars wamekwishacheza fainali za Afrika na wanahitaji makipa kama Taifa Stars wanavyowahitaji. Hivyo mtoto mwenye mikono mizuri anajifunza mapema kwamba golini ni mahali pa adhabu, na akiweza anapakimbia.

Hapa naomba nimlete kijana wa mbali. Caoimhín Kelleher, kipa wa Ayalandi, alikuwa mshambuliaji katika timu za watoto za mji wake wa Cork hadi alipokuwa kijana wa umri wa sekondari. Hakuna aliyempeleka golini kumwadhibu. Alihamia golini akiwa tayari anajua kuuchezea mpira kwa miguu, akapata watu wa kumfundisha kudaka, na Liverpool wakamchukua. Jamhuri ya Ayalandi nzima ina watu zaidi kidogo ya milioni 5. Mkoa wa Kagera peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu karibu milioni 3. Naitaja nchi hiyo kwa sababu katika miaka ya karibuni imekuwa na ugomvi mtamu wa namba moja, na ugomvi huo una mafunzo kwetu kuliko habari nyingi tunazosoma za Madrid na Manchester.

Mpinzani wa Kelleher ni Gavin Bazunu, mtoto wa Dublin mwenye baba wa Kinigeria. Bazunu alianza kudaka timu ya wakubwa ya Shamrock Rovers akiwa na miaka 16. Manchester City wakamsajili, na walichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka viongozi wetu wa klabu wakisome mara mbili. Hawakumweka Manchester awe kipa wa tatu, apige picha na makombe. Walimpeleka kwa mkopo Rochdale, klabu ya daraja la tatu la Uingereza, apigwe na mvua na washambuliaji wa viwiko vikali kila Jumamosi. Mwaka uliofuata wakampeleka Portsmouth. Kelleher wakati huo alikuwa Liverpool, akifanya mazoezi na wachezaji bora duniani, nyuma ya kipa namba moja, Alisson.

Kocha wa Ayalandi, Stephen Kenny, alimchagua wa Rochdale. Machi 2021 Bazunu, mwenye miaka 19, alicheza mechi yake ya kwanza ya mashindano dhidi ya Luxembourg, na Ayalandi wakafungwa 1-0 nyumbani kwao. Kwetu hapo ndipo ingekuwa mwisho wake, na ningeweza kuandika mwenyewe vichwa vya habari vya Jumatatu. Wao walimwacha golini. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, mjini Faro, aliokoa penalti ya Cristiano Ronaldo. Ureno walishinda 2-1 kwa mabao mawili ya Ronaldo ya dakika za mwisho kabisa, lakini dunia ilikuwa imeshalijua jina la kipa.

Hadithi haikuishia hapo. Bazunu alikwenda Southampton, timu ikashuka daraja mwaka 2023, na Aprili 2024 akapata jeraha la kano ya kisigino. Upande wa pili Alisson aliumia, Kelleher akapata mfululizo wa mechi, akadaka fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Chelsea Februari 2024 na kushinda, namba moja ya taifa ikawa yake. Mwaka 2025 akaondoka Liverpool kwenda Brentford, akiikubali klabu ndogo ili acheze kila wiki. Tafuta kilichobadilika kati ya vijana hao wawili na utakuta ni mechi. Aliyekuwa akicheza ndiye aliyekuwa na jezi, na alipoacha kucheza jezi ikahama.

Sasa turudi kwetu. Aprili 2023 Aishi Manula aliumia. Simba wakamweka golini Ally Salim, kijana ambaye hadi wakati huo mashabiki wengi walimjua kwa jina tu, wa tatu kwenye foleni. Tarehe 16 Aprili alisimama mbele ya Yanga na Simba wakashinda 2-0. Siku sita baadaye alisimama mbele ya Wydad Casablanca, waliokuwa mabingwa wa Afrika, na Simba wakashinda 1-0. Kule Casablanca walifungwa 1-0 na kutolewa kwa penalti, lakini hakuna aliyemnyooshea kidole kipa. Agosti 13, Mkwakwani, Tanga, katika Ngao ya Jamii dhidi ya Yanga, aliokoa penalti tatu na Simba wakabeba ngao. Kwa miezi minne kijana yule alikuwa ameonyesha kila kitu ambacho nchi humwomba kipa aonyeshe.

Kisha akarudi benchi. Simba walimleta Ayoub Lakred kutoka Morocco, na mwaka uliofuata Moussa Camara kutoka Guinea. Najua hesabu za klabu. Klabu inayotaka nusu fainali ya Afrika inataka kipa aliyekwishapita huko, na mwenye timu ana haki ya kuchagua. Wote wawili walikuwa makipa wazuri. Ninachosikitikia ni kwamba baada ya benchi kulikuwa na ukimya. Manchester City, wenye fedha za kununua kipa yeyote duniani, waliona aibu kumwacha Bazunu bila mechi. Sisi tulimwacha kijana aliyeokoa penalti tatu za Yanga akipasha misuli moto kabla ya mechi na kurudi kuketi, msimu baada ya msimu, katika miaka ambayo kipa hukomaa.

Wapo wanaosema dawa ni kuzuia makipa wa kigeni, kama Misri walivyofanya kwa miaka mingi. Kanuni zetu zinaruhusu hadi wachezaji 12 wa kigeni kwa klabu, na makipa wamo humo bila masharti. Simba, Yanga na Azam zote zimewategemea wageni golini katika misimu ya karibuni. Msimu wa 2023/24 hata tuzo ya kipa bora wa ligi ilikwenda kwa Ley Matampi, Mkongomani wa Coastal Union. Na nani anayeweza kusahau Januari 2026, kipa wa Yanga, Djigui Diarra, alipoivusha Mali mbele ya Tunisia kwa mikwaju ya penalti kule Morocco? Ligi yetu inaikomazia Mali kipa wa taifa. Ni heshima, na inauma kidogo.

Hata hivyo siungi mkono kufunga mlango. Diarra ameinua kiwango cha kudaka nchini. Vijana wetu wamejifunza kwake kuanzisha mashambulizi kwa mguu, kutoka nje ya boksi bila woga, kuipanga safu ya mabeki kwa sauti. Ukimwondoa, unaondoa mwalimu pamoja na mpinzani. Ninachotaka ni sharti dogo linalotekelezeka: klabu ya Ligi Kuu inayosajili kipa wa kigeni ilazimike kumpeleka kwa mkopo angalau kipa mmoja Mtanzania wa chini ya miaka 21, mahali ambako atacheza. Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, ina timu. Ligi za chini yake zina timu. Wanaohitaji kipa hawakosekani.

Ushahidi kwamba hilo linazaa matunda uko hapahapa. Kipa namba moja wa Stars katika CHAN, fainali za Afrika za wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda alikuwa Yakoub Suleiman. Alitoka JKT Tanzania, timu isiyo na umati wa Kariakoo, ambako alikuwa akicheza wiki hadi wiki. Stars waliruhusu bao 1 tu katika mechi 4 za kundi, wakatolewa robo fainali na Morocco kwa 1-0. Baada ya hapo Simba wakamsajili. Miezi michache mbele, kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, kikosi cha kocha Miguel Gamondi kilikuwa na Yakoub, Hussein Masalanga wa Singida Black Stars na Zuberi Foba wa Azam. Timu hiyo ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu, kabla ya kufungwa 1-0 na wenyeji, Morocco, tarehe 4 Januari 2026. Leo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, tuna ushindani wa kweli wa jezi namba moja, nami nafurahi sana.

Ila ushindani una adabu zake, na sisi mashabiki tumewahi kuzivunja. Enzi za kocha wa Stars Marcio Maximo, kuanzia 2006 hadi 2010, nchi iligawanyika kwa sababu ya kipa mmoja. Maximo hakumtaka Kaseja, mashabiki walimtaka, na kila bao aliloruhusu kipa mwingine lilikuwa hoja ya kumtetea Kaseja. Fikiria alivyojisikia Ivo Mapunda, au Shaaban Dihile aliyedaka CHAN ya 2009 kule Ivory Coast, akijua kwamba nusu ya uwanja wa nyumbani inasubiri ateme mpira. Kipa aliye na hofu ya watu wake hatoki kwenye krosi. Anabaki kwenye mstari, anasubiri, na mara nyingi anafungwa kwa kusubiri huko. Kizazi cha 1980 kilichotupeleka Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika kilikuwa na Athumani Mambosasa na Juma Pondamali 'Mensah' katika kikosi kimoja, na wazee wakizungumza hadi leo wanawataja wote wawili kwa heshima. Foba, Masalanga na Yakoub wanastahili hivyo hivyo.

Nimezungumza mno habari za juu, na hoja yangu iko chini. Kwa karibu miongo miwili mkoa wa Kagera ulikuwa na mlango mmoja wa kuingilia Ligi Kuu: Kagera Sugar, timu ya Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Tarehe 19 Mei 2018 timu hiyo iliifunga Simba 1-0 Dar es Salaam, siku Rais Magufuli alipokwenda uwanjani kuwakabidhi Simba kombe. Simba hawakuwa wamepoteza mechi hata moja ya ligi msimu ule. Dakika za mwisho walipata penalti, Emmanuel Okwi akaipiga, na kipa wa Kagera Sugar akaiokoa. Kipa huyo alikuwa Juma Kaseja, ambaye wakati huo wengi walishamhesabu kuwa mstaafu. Timu ya mkoa wetu ndiyo iliyompa mechi alipokosa mahali pengine, na mwaka uliofuata taifa lilivuna dhidi ya Burundi.

Mwisho wa msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka daraja. Watu wengi wa Bukoba walilia, na nililia nao. Lakini ukweli lazima usemwe: hata ilipokuwa Ligi Kuu, kwa kijana wa Ngara Kaitaba ilikuwa mbali. Ni safari ya saa nyingi kwa basi, nauli ambayo mzazi mwenye shamba la migomba na kahawa hawezi kuitoa kwa ajili ya majaribio ya siku moja. Wa Biharamulo kwake Geita ni jirani zaidi kuliko makao makuu ya mkoa wake. Wilaya hizi zimezoea kuwa njia ya watu wengine. Mwaka 1994 Benaco ya Ngara ilijulikana duniani kwa sababu ya wakimbizi, malori ya Rwanda na Burundi yanapita Nyakanazi usiku na mchana, umeme wa maporomoko ya Rusumo unagawanywa kwa nchi tatu. Kipaji cha mpira nacho kinapaswa kupata njia ya kutokea huku.

Njia iliyopo ni UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari. Mtoto anatoka shuleni kwake hadi kata, kutoka kata hadi wilaya, wilaya hadi mkoa, mkoa hadi taifa. Ni njia nzuri, na imewatoa wengi. Kwa kipa, hata hivyo, ina tundu dogo kuliko kwa mwingine yeyote. Kila ngazi inachagua makipa wawili, au watatu ikijitahidi. Aliyetoka shule yenye mabeki wabovu na akafungwa mabao manne siku ya kwanza anarudi nyumbani, hata kama aliokoa kumi. Waamuzi wa uteuzi ni walimu wa michezo wenye moyo mkubwa na kazi nyingi, na ni wachache mno miongoni mwao waliowahi kufundishwa namna ya kumtazama kipa. Wanahesabu mabao. Anayejua kudaka angetazama miguu: anasimama wapi kabla mpira haujapigwa, anaongea na nani, anafanya nini sekunde tano baada ya kufungwa.

Kwa hiyo naomba jambo lisilohitaji akademi wala mzungu. Kila wilaya ya Kagera ina watu waliowahi kudaka, katika timu za majeshi, za mashirika, za shule. Wengine ni walimu, wengine wanauza duka. Ofisi za elimu za Ngara na Biharamulo ziwakusanye kabla ya mashindano ya shule, ziwape siku mbili za kukaa na makipa tu, watoto wote walioteuliwa na wale walioachwa kwenye ngazi ya kata. Wawatazame wakianguka, wakitoka, wakirusha. Orodha ya watakaowaona wanafaa ipelekwe chama cha soka cha mkoa, yaandikwe majina, umri na shule, na mwaka unaofuata watazamwe tena walewale. Kipa wa miaka 12 hawezi kuhukumiwa kwa wiki moja. Urefu wake haujafika, mikono yake haijakomaa, na mwili utambadilika mara mbili kabla ya kuwa mtu mzima.

Na fedha? Wilaya hizi mbili zina madini. Biharamulo inatoa dhahabu, Kabanga ya Ngara ina nikeli inayozungumzwa hadi nje ya nchi. Sheria ya madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana nao na halmashauri. Madarasa, zahanati na visima viendelee kuwa mbele, sipingi. Lakini magoli mawili ya chuma yenye vipimo halali, nyavu zake, shimo la mchanga au la maranda ya mbao la kujifunzia kuanguka, glavu jozi 20 na posho ya kocha wa makipa kwa tarafa moja, yote hayo hayafiki bei ya gari moja la ofisi.

Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zimepewa Kenya, Tanzania na Uganda. Kipa atakayedaka hapo tayari yupo, nasi tutamshangilia. Ninayemwazia ni aliye darasa la sita leo Rulenge au Runazi, atakayekuwa na miaka 18, umri wa Kaseja wa Cairo, baada ya miaka sita. Madiwani wa halmashauri zote mbili watakapoketi kupitisha mpango ujao wa fedha za madini, waandike ndani yake mstari mmoja wa magoli, nyavu, mchanga na kocha wa makipa, na wananchi tuuulizie mstari huo kwenye mikutano ya kata.